Sam: Shujaa Anayebaki Mtumishi

Tumezoea kusema msanii ni zao la mazingira yake, halafu tunaishia hapo hapo. Hebu tumtazame J.R.R. Tolkien. Vita vilipoanza 1914 hakukimbilia jeshini. Alibaki Oxford akisoma huku akifanya mafunzo ya uofisa. Julai 1915 akapata vyote viwili: shahada ya daraja la kwanza na kamisheni ya luteni usu. Mwaka 1916 akapigana Somme, na kama maofisa wenzake, alihudumiwa na askari wa kawaida.

Sasa basi, katika *The Lord of the Rings* (1954–55) shujaa ni nani? Wengi watajibu Frodo, aliyetwishwa kazi ya kuiangamiza pete. Ati kweli? Frodo anapoishiwa nguvu mlimani, anayembeba mgongoni ni Sam, mtunza bustani wake. Tolkien mwenyewe alieleza kuwa Sam ametokana na askari wa chini aliowajua vitani. Hapo ofisa msomi analipa deni.

Lakini je, amelimaliza? La hasha! Frodo anapoondoka, Sam bado anamwita "bwana". Tolkien amemheshimu mtumishi. Utumishi wenyewe hakuuhoji.