Mtenda Asiyeonekana katika Picha za Nick Brandt

Katika *Inherit the Dust* (2016), Mwingereza Nick Brandt alisimamisha picha za wanyama, kubwa sawa na wanyama wenyewe, katika majalala na machimbo ya mawe nchini Kenya. Tembo amesimama kati ya taka. Watu wanampita bila kumwona. Uzito wa kazi hii haukanushiki. Hata hivyo, ina upungufu ambao sarufi yetu yaweza kuueleza. Husemwa "mti umekatika" au "mti umekatwa": kauli ya kutendeka haimdai mtenda, ya kutendwa humdai. Picha hizi zimo katika kauli ya kutendeka. Aliyenufaika na machimbo hayumo. Aliyemo ni maskini, naye hudhaniwa kuwa ndiye mharibifu. Brandt ameeleza kwamba binadamu pia ni waathiriwa, lakini kwa maandishi, si kwa picha hizi.

Hatari hii yatuhusu Kakamega. Msitu wetu ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1933. Mama atokaye humo na mzigo wa kuni hupigika picha kwa urahisi. Sheria iliyouweka mpaka haina sura. Basi mhakiki wa picha sharti aulize: umekatwa na nani?