Mana haikuanguka ndani ya sufuria

Jumapili moja, mwezi ambao mgao ulikuwa umepunguzwa tena, mhubiri alitusomea Kutoka sura ya 16, hadithi ya mana. Alipofika pale ambapo watu waliweka chakula mpaka asubuhi, kikanuka na kutoa funza, akafunga Biblia. Akasema mwenye imani hahesabu ya kesho. Watu wakaitika amina. Na mimi niliitika.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa karibu na gunia la unga, kikombe mkononi. Kila tukipokea mgao yeye hupima: vikombe vitatu kwa siku, tuko watu sita, mpaka mwezi uishe. Siku hiyo hakupima. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiki kikombe changu ni zambi?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeirudia sura ile polepole, jinsi ninavyowaambia vijana wa kikundi chetu wasome: usisimame pale mtu mwingine alipokusimamisha.

Kwanza, mana haikuanguka ndani ya sufuria. Ilikuwa nje, chini, kuzunguka kambi, na jua likipanda inayeyuka. Aliyelala mpaka saa nne alikuta mchanga tu. Mwandishi haelezi sana mioyo ya watu. Anaeleza kwamba waliamka, wakaokota, wakapima pishi moja kwa kila kichwa, kulingana na watu waliomo hemani. Sura nzima imejaa vipimo, utafikiri aliyeiandika amewahi kupanga foleni ya chakula. Kwa hiyo kikombe cha mama kimo humo tangu zamani, ila kinaitwa pishi.

Pili, mhubiri wetu aliikata hadithi katikati. Baada ya funza inakuja siku ya sita. Siku hiyo watu wanaokota mara mbili, wanaweka mpaka kesho yake kwa agizo la Mungu yuleyule, na hakitoki hata funza mmoja. Chakula ni kilekile, watu ni walewale. Hapa ndipo naipenda kazi ya mwandishi. Ameweka akiba mbili karibu karibu, moja inanuka, nyingine hainuki, halafu anakuachia wewe msomaji ujiulize kwa nini. Jibu langu ni hili: wale wa kwanza waliweka kwa sababu hawakuamini kwamba asubuhi itakuja na kitu. Wa siku ya sita waliweka kwa sababu waliambiwa wazi kwamba kesho hakitakuwapo. Sasa tujiangalie. Mgao wetu hauji kila asubuhi. Ukitoka leo umetoka, mpaka mwezi mwingine. Kwetu sisi, kila siku ya mgao ni siku ya sita.

Tatu, kuna mahali hadithi hii hainitoshi, na sitaki kuficha. Pishi ya wale watu haikupungua, na yetu inapungua. Tena waliokota miaka 40. Mimi nimezaliwa hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, kwa hiyo 40 kwangu si namba ya Biblia tu. Lazima kulikuwa na watoto waliozaliwa wakati wa mana, wakakua, wakaoa, na bado asubuhi wanainama kuokota. Mwandishi hakuwapa hata neno moja. Ningependa kumsikia mmoja wao, kijana wa umri wangu, akisema amechoka. Kinachonituliza kidogo ni mwanzo wa sura: watu walilalamika kwa njaa, Mungu akasikia, na jioni ileile wakala. Malalamiko yao hayakuwanyima chakula.

Nilisoma sura hii na kikundi. Kuna kijana mmoja alikuwa ameacha mafunzo ya cherehani, kila ukimuuliza anajibu, "Mungu atapanga." Nilimuuliza swali moja tu: nani aliokota? Akacheka. "Basi kiongozi, unanituma nikaokote uzi." Wiki hiyo alirudi siku mbili. Ya tatu hakuja. Tutaendelea kuongea.

Mama nilimsomea jioni, ile ya siku ya sita. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema amina. Alivuta gunia, akachukua kikombe, akaanza kupima na kuhesabu siku kwa sauti ndogo. Alipomaliza akafunga gunia na kamba, akamshukuru Mungu kwa ajili ya siku ile moja, hakutaja kesho, akalala. Anahesabu, halafu analala. Katika mahubiri yote niliyosikia juu ya kutosumbuka, sijapata yaliyo wazi kuliko hayo.

Mimi nilibaki macho, nasikiliza mvua juu ya hema la jirani. Bado najifunza.