Heko kwa Fundi Mwenye Mita

Katika vibanda vya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli, Nairobi, televisheni iliyozima haihukumiwi kwa macho. Fundi huchomoa plagi, hufungua skrubu, kisha huchukua mita ya kupimia umeme.

Huanza na fyuzi. Mita ikilia, fyuzi ni nzima, ikinyamaza, imekatika. Kapasita kubwa ya pawa saplai haigusi kabla ya kuiondoa chaji, maana kwa umeme wa volti 230 huweza kubaki na volti zipatazo 325 hata baada ya plagi kuchomolewa. Halafu dayodi: ile ya kawaida ya silikoni husoma kati ya volti 0.5 na 0.7 upande mmoja. Ukigeuza nyaya, haipitishi kitu. Ikilia pande zote mbili, imepiga shoti.

Asili ya mita hizi ni kazi ya Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyechoka kubeba vipimo vingi. Mita yake, Avometer, iliingia sokoni 1923.

Lakini pongezi hasa ni za anayeishika mita. Kipuri kikitoa jibu la kutatanisha kikiwa kwenye bodi, fundi hodari hakisingizii. Huyeyusha risasi, huinua mguu mmoja, akapima upya. Mteja akalipia dayodi moja tu, bodi ikabaki ileile.