Wanaohoji Theluji

Mjuzi huchimba shimo mpaka kifuani, akaunyoosha ukuta wake kwa beleshi, kisha kwa msumeno akatenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kila upande. Juu yake hulaza beleshi na kuanza kuligonga: mara 10 kwa nguvu ya kiganja tu, mara 10 mkono ukitokea kwenye kiwiko, mara 10 ukishuka kutoka begani. Anahesabu, macho hayabanduki ukutani. Ikiwa kwenye pigo la 12 nguzo inakatika mkato ulionyooka na kipande cha juu kinateleza, amekwisha kujua: chini ya weupe huo kuna tabaka lisiloshika.

Tabaka hilo huzaliwa kimyakimya. Ardhi chini ya theluji hukaribia nyuzi 0, hewa ya juu ikawa hasi 20. Theluji ikiwa haba, mvuke hupanda kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, na punje zikageuka chenga kubwa zisizoshikana, mithili ya sukari. Upepo ukishalaza bamba gumu juu yake, kwenye mteremko unaozidi nyuzi 30, uzito wa mtu mmoja aliyevaa ski unatosha kuanzisha ufa na theluji ikaporomoka. Ajali nyingi huanza hivyo: anayefukiwa, au mwenzake, ndiye aliyelivunja bamba.

Pale Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos nchini Uswisi, watafiti walianza kuichunguza theluji mwaka 1936. Miaka 15 baadaye, maporomoko ya theluji ya kipupwe cha 1950/51 yaliua watu 98 nchini humo. Mwaka 2018 UNESCO iliutambua ujuzi wa Uswisi na Austria wa kukabili hatari hii kuwa urithi wa binadamu, na ulistahili hasa.

Unastahili kwa sababu theluji ni mwalimu mpotoshaji. Mteremko mbovu unaweza kuvukwa asubuhi nzima usiporomoke, na waliovuka wakarudi wakidhani wamepima vyema kumbe wamebahatika. Mjuzi wa kweli hakubali sifa ya namna hiyo. Shimo lake analichimba kutafuta sababu ya kugeuka. Ruhusa ya kupita haimo humo, maana hatua chache kando hali inaweza kuwa nyingine kabisa. Nguzo ikihimili mapigo yote 30 lakini njiani theluji ilizama kwa kishindo chini ya miguu, anachoamini ni kishindo.

Habari za namna hiyo, kutoka kwa waangalizi wapatao 200, hukusanywa Davos, na saa 11 jioni taarifa hutolewa ikitaja daraja la hatari, 1 hadi 5. Vifo vingi hutokea siku za daraja la 3. Daraja la 5 huwafungia watu ndani. La 3 huja hata siku za jua na theluji mpya, milima iko wazi, na kila mteremko unadai uamuzi wake.