Tamthilia njema hupoza moyo

Neno burudani lina undugu na neno baridi. Tukisema mtu ametuburudisha, tunasema ametupoza moyo, kama maji ya mtungini yampozavyo msafiri wa mchana. Kwa kipimo hicho nimepima maonyesho mawili ya Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, niliyoyatazama muhula mmoja, kwanza Kitale kisha Bungoma.

Tamthilia hii ni kitabu teule kilichoanza kutahiniwa katika KCSE mwaka 2023, ndiyo maana vikundi vya waigizaji huizungusha shule hadi shule. Sara anaugua. Mumewe, Yona, ana historia ndefu ya ulevi. Binti yao Neema ndiye anayebeba gharama ya matibabu.

Kitale, ukumbi ulijaa pomoni. Yona alipepesuka, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Wanafunzi walicheka, mbavu hawana! Halikusikika tusi hata moja, na walimu wakasifu burudani safi. Mimi sikupoa moyo. Arege anatuonyesha kilichomtia Yona katika pombe: masimango ya watu, kwanza kwa kuchelewa kupata mtoto, kisha kwa kukosa wa kiume. Basi ukumbi mzima unapomcheka, si umejiunga na waliomsimanga? Na katika hao waliokuwa wakicheka, ni wangapi waliomwacha baba nyumbani akishinda kwenye chang'aa na busaa?

Bungoma nilikuta kikundi kingine, na Yona wao hakuanguka hata mara moja. Alisimama kando ya Sara kama mtu asiyejua aiweke wapi mikono yake. Kicheko kilianza nyuma ya ukumbi, kikakatika chenyewe. Mzaha ulipokuja baadaye, tulicheka pamoja na Yona, hatukumcheka yeye. Hilo si geni huko. Wabukusu wana kumuse, hotuba ya matanga ya mzee mwenye heshima, ambapo msemaji hutembea mbele ya waombolezaji akisimulia, akionya na hata kuwachekesha. Waliokulia hapo wanajua kwamba kicheko na huzuni hukaa mkeka mmoja.

Wapo wanaodai kuwa burudani yenye maadili ni ile isiyo na uchafu tu. Ati mradi mtoto asisikie neno chafu, amelelewa. Kipimo hicho ni chepesi mno. Onyesho la Kitale lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, lakini sahani hiyo haikuwa na chakula. La Bungoma lilitutazamisha ugonjwa, ulevi na aibu, na bado tulitoka tukiwa wepesi, kwa sababu lilimrudishia mlevi utu wake.

Walimu, mnapokialika kikundi, msiulize tu kama kitawasaidia watahiniwa kujibu maswali. Ulizeni pia kitamfanyia nini yule mtoto anayemjua Yona kwa jina jingine.