Ain Haikudondoka: Mizani ya "Baada" na "Maana"
Kudai kwamba ain, konsonanti ya koromeo ya Kiarabu, ilidondoshwa tu ilipoingia katika Kiswahili ni kurahisisha mno. Dai hilo latosha kwa jina Ali, ambamo ain ilianza neno (harusi, yenye h yake, ni kisa kingine). Halitoshi kwa baada, maana na taarifa. Katika Kiarabu, ain ya baʿda hufunga silabi ya kwanza, na neno zima lina silabi mbili. Kiswahili kina tatu: ba-a-da. Konsonanti imeacha irabu yenye silabi yake. Kwa hiyo mhariri wa utenzi wa mizani 8 anayenukuu hati za Kiarabu kwa herufi za Kilatini, akaandika "bada", hasahihishi tahajia. Anampunja mtunzi mizani moja.