Gitaa la Solo katika Zilipendwa za Majengo, Moshi: Pikapu, Amplifaya na Hukumu ya Mhakiki

Tahakiki za muziki wa dansi katika taaluma ya Kiswahili zimejikita mno katika maneno: dhamira, tamathali, ujumbe kwa jamii. Gitaa likitajwa, husemwa tu kuwa linalia. Linalia vipi, haielezwi. Kasoro hiyo si ndogo, kwani katika dansi gitaa la solo, solo la pili na ridhimu hujibizana kama waimbaji. Katika rekodi za DDC Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978, msikilizaji huweza kufuata kila moja peke yake.

Zilipendwa hizo zinapopigwa leo Majengo, mjini Moshi, utengano huo unaweza kukosekana, na lawama humwangukia mpigaji: vidole vizito, hana mkono wa wazee. Hukumu hiyo ni ya haraka. Pikapu (si gari, bali sumaku iliyozungushiwa waya, inayokaa chini ya nyuzi) yenye koili moja kwa kawaida hutoa ishara ndogo na sauti nyangavu, ingawa hunasa mvumo wa umeme wa jengo. Ile ya koili mbili, ambayo Seth Lover wa Gibson aliiombea hataza mwaka 1955, huufuta mvumo huo na aghalabu hutoa ishara kubwa zaidi. Ikichomekwa kwenye amplifaya ambayo geini yake imepandishwa kwa ajili ya ishara ndogo, hatua ya kwanza ya ukuzaji huzidiwa: vilele vya wimbi hukatwa, sauti hukwaruza. Kupunguza sauti ya mwisho hakuponyi kitu. Uharibifu umekwisha kutokea.

Amplifaya nyingi za Fender zina matundu mawili, na la pili hupunguza ishara kwa takriban nusu, yaani desibeli 6. Hata hivyo, ukinzani wake ni mdogo, kama kiloomu 136 badala ya megaomu 1, hivyo hufubaza noti za juu. Kwangu, ni heri kushusha geini, au kuiteremsha pikapu kwa bisibisi.

Wapo watakaosema mkwaruzo ni ladha. Ni ladha kwa gitaa moja. Matatu yakikwaruza pamoja, noti humezana. Mhakiki basi amwombe mpigaji apunguze kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa lenyewe, wimbo ukiendelea. Magitaa yakitengana, vidole havikuwa na kosa.